Kura ya Mawimbi

Katika ukoo ule kutapika hakukuwa ugonjwa, kulikuwa ndiyo namna yao ya kusafiri. Baba, mkaguzi wa shule aliyestaafu kwa heshima zote, alikwisha kutapika katika treni, katika basi na katika gari la serikali lenye bendera. Siku aliyopandishwa cheo alitapika ndani ya lifti, akatoka humo amenyooka kama mlingoti, akapeana mkono na wakubwa wake. Shangazi, dada yake wa pekee, alikuwa mwepesi kuliko yeye: akiona picha ya meli kwenye kalenda anaomba dirisha lifunguliwe. Mtoto wa kwanza wa Baba alikuwa daktari wa meno, na kiti kipya cha wagonjwa kilipoletwa, kile kinachopanda na kushuka kwa kubonyezwa, alikaa akijaribu. Mgonjwa wa kwanza kuhudumiwa siku ile alikuwa yeye mwenyewe.

Majaliwa nayo hupenda mzaha. Kitinda mimba wa ukoo huo akawa wakala wa safari.

Jina lake kamili lilijulikana na benki tu. Watu wote walimwita Kitinda. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, chumba cha meza tatu na feni moja yenye kelele, na ukutani picha za meli zilizokwisha kupauka kwa jua mpaka bahari zote zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Kiti chake alikuwa amekitoa magurudumu. Wenzake waliuza safari za kifahari. Yeye alipewa wateja wenye matumbo yasiyoaminika, walioelekezwa mezani kwake kama watoro wanavyoelekezwa kwa mwalimu wa zamu. Na aliwahudumia kwa huruma ya mtu anayejua. Aliwatafutia mito mipana, maziwa, na ghuba zilizofichwa nyuma ya visiwa. Aliwaombea vyumba vya katikati ya meli, chini karibu na maji, ambako kuyumba hufika kukiwa kumechoka. Wengi waliporudi walimletea maua. Basi Kitinda akaamini, kama mtu yeyote anayesifiwa sana kwa jambo moja, kwamba hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa maji yaliyotulia.

Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Kitinda alikuwa karibu kuolewa, na kwenye harusi yake alitaka kitu kimoja tu: Baba akae mbele upande mmoja, Shangazi akae mbele upande wa pili. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na Shangazi ndiye aliyemfundisha kuzifunga, pamoja na mengine yote. Harusi bila mmoja wa wale wawili ingekuwa suruali ya mguu mmoja.

Tatizo lilikuwa mfuko.

Shangazi alikuwa fundi wa nguo, na alishona sare za shule nzima, tena shule kubwa. Baba, akiwa bado kazini, akaenda kuikagua shule hiyo. Mbele ya paredi, mbele ya walimu na wazazi, alimwita mwanafunzi mmoja, akaushika mfuko wa shati lake kwa vidole viwili, akauvuta kidogo. Mfuko ukabaki mkononi mwake. Mtu mwenye busara angeutia ule mfuko mfukoni mwake mwenyewe na kuendelea na safari. Baba aliuinua juu, shule nzima iuone, akauliza kwa sauti ya kiofisi: "Hii ni kazi ya fundi, au ya panya?"

Alimjua fundi. Fundi alikuwa amekaa mstari wa mbele, mgeni mwalikwa, amevaa kofia.

Tangu siku hiyo walizungumza kwa kupitia watu. "Mwambie baba yako chumvi iko mbele yake." "Mwambie shangazi yako nimeiona." Shangazi alitangaza kwamba atakapokaa yule, yeye hakai. Baba naye alisema mkaguzi haombi radhi kwa ripoti yake. Kitinda alijaribu machozi, akajaribu wajumbe, akajaribu kujifanya mgonjwa. Kila alipowakutanisha, mmoja alikumbuka ghafla kwamba ameacha pasi kwenye umeme.

Ndipo akapata wazo. Angewaweka mahali pasipo na mlango wa kutokea. Angewapandisha meli.

Bila shaka meli yoyote ya kawaida ingewapa udhuru: wangejifungia vyumbani wakiugua, kila mtu na ndoo yake, na safari ingekwisha bila neno. Ilibidi maji yawe yametulia kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kuugua hata akijitahidi. Kitinda aliisaka njia hiyo kuliko alivyowahi kusaka kwa mteja yeyote, mpaka akaipata: meli ndogo iliyopita kati ya bara na safu ndefu ya visiwa, na ambayo ilichukua watu wa matumbo mepesi tu. Akampigia simu nahodha.

"Mawimbi yapo?"

"Mama, huku ndani hata bata anangoja wimbi mpaka anakata tamaa."

"Upepo je?"

"Unapita juu. Visiwa vimetukinga."

"Na mkiyumba?"

"Tukiyumba, ujue kuna mtu mnene amehama meza." Nahodha akakohoa. "Ila kurudi kuna njia mbili. Hii ya ndani, na ile ya nje ya visiwa, bahari wazi. Abiria huchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono. Ndiyo desturi ya meli yetu, tusije tukalaumiwa."

"Na kuna waliowahi kuchagua ya nje?"

"Mama," akasema nahodha, "hii ni meli ya wanaotapika."

Baba alikubali baada ya kuhojiana naye kirefu.

"Maji yametulia kiasi gani?"

"Kama ya beseni, Baba."

"Beseni lenyewe niliwahi..."

"Najua, Baba. Hili halibebwi."

Shangazi alikubali kwa sababu alikuwa na hamu ya kusafiri tangu ujana wake, na kwa sababu Kitinda alisahau kumtajia abiria wengine.

Siku ya kuondoka walikutana gatini. Shangazi alimwona kaka yake juu ya ngazi, akageuka kurudi, akakuta mlango wa gati umefungwa na Kitinda amesimama mbele yake akitabasamu kama mlinzi wa bweni. Daktari wa meno alikuwa ameleta begi zima la vidonge. Baba alikuwa amekwisha kutafuna tangawizi kiasi cha kunukia mtaa mzima. Shangazi alifungua kikapu, akaanza kugawa ndimu za kunyonya.

"Mwambie baba yako ndimu zake sikuzisahau," alimwambia Kitinda. "Nimeziruka."

Meli ikang'oa nanga. Wote wakakimbilia vyumbani, wakalala chali, macho darini, wakingoja kama watahiniwa wanaongoja matokeo. Wakangoja. Injini ilinguruma kwa adabu. Glasi ya maji iliyokuwa mezani kwa Kitinda haikutikisika. Jioni, mlango mmoja ulifunguka kidogo, kisha mwingine, na kichwa kimoja kimoja kikachungulia, kikiwa na mashaka makubwa.

"Tumekwama?" aliuliza Baba.

"Tunakwenda, Baba."

"Mbona mimi mzima?"

Hilo lilikuwa swali la meli nzima. Kulikuwa na maharusi wapya waliokuja na ndoo yao kutoka nyumbani, imefungwa utepe. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye miwani mikubwa ambaye hajawahi kumaliza safari yoyote aliyoianza. Wote walikusanyika katika ukumbi wa chakula, wakitazamana kama watu waliofufuka, na wakala. Walikula kila kitu. Mpishi alitoka jikoni kuja kuangalia, maana alizoea kupika kwa heshima tu, si kwa kuliwa.

Asubuhi yake Kitinda aliwaketisha Baba na Shangazi meza moja, kwa hila ya kuwaambia viti vingine vimevunjika. Daktari wa meno akakaa katikati. Nje ya dirisha maji yalilala kama shuka lililopigwa pasi. Shangazi alikunywa chai yake yote, akafuta midomo, akainua uso na kumtazama kaka yake machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya paredi. Kitinda alishika mkono wa kaka yake, daktari wa meno, chini ya meza. Machozi yalimlenga.

"Uzi ulikuwa mzuri," alisema Shangazi.

"Ungekuwa mzuri, mfuko ungebaki kwenye shati," alijibu Baba.

"Uliuvuta kama unang'oa jino!"

"Jino halivutwi hivyo," alisema daktari wa meno.

"Wewe nyamaza!" walisema wote wawili.

Na hapo Kitinda aligundua, akiwa amechelewa, kwamba watu wazima wenye afya, waliolala vizuri na kushiba vizuri, wana nguvu nyingi sana za kugombana. Kupitia wajumbe ugomvi ule ulikuwa umekonda; sasa ulipata chakula, hewa safi na mandhari nzuri, ukanenepa. Kufikia mchana ulikuwa umeshauacha mfuko na kurudi utotoni. Ilibainika kwamba Baba alianza ukaguzi akiwa bado hajaota meno ya mbele, akiwapanga watoto wenzake mstari na kuwatazama masikio. Ilibainika kwamba Shangazi ndiye aliyesema kwa wazazi kuhusu kioo cha dirisha.

"Nani alikuambia useme?"

"Nani alikuambia urushe?"

"Nilikuwa napima upepo!"

"Kwa tofali?"

Maji yaliyotulia, kumbe, yanapitisha sauti vizuri mno. Meli ilipotia nanga kati ya kuta mbili za mawe, mahali ambapo maharusi walikuwa wameambiwa watasikia ukimya ambao hawajawahi kuusikia, neno "panya" lilitoka sitahani, likagonga ukuta wa kwanza, likagonga wa pili, likarudi likiwa limeongezeka. Baba alimshutumu Shangazi kwa kurudia rudia. Maharusi walihamia meza ya pembeni, kisha nyuma ya meli, kisha bibi arusi akasema anataka kwenda kwa mama yake. Bibi mwenye miwani alihamisha kiti chake akaingia nacho jikoni.

Kitinda alijaribu kuwaamua. "Shangazi, tafadhali. Baba ni mtu mzima."

"Na mimi ni nini, mtoto wa chekechea? Mwanangu, nikuambie. Kabla ya safari hii nilikuwa nafikiria. Kweli, nilikuwa najiambia, ni siku ya mtoto, nitajikaza, nitakuja. Sasa nimemaliza kufikiria. Harusini siji."

"Vizuri," alisema Baba. "Maana nikimwona mlangoni ningegeuka."

"Baba!"

"Nitatuma zawadi."

Siku zilizobaki zilipita hivyo hivyo, bila wimbi hata moja. Mchana, kabla ya kuanza kurudi, Kitinda alikaa peke yake nyuma ya meli, ameshika kichwa. Yeye, bingwa wa kuchagua njia, alikuwa ameichagua njia kamili, isiyo na dosari, na ilikuwa imemwondolea harusi yake. Alijaribu kukumbuka kama ukoo wake uliwahi kugombana safarini kabla ya hapo. Hapana. Haikuwahi kutokea. Hata mwaka uliopita, mfuko ukiwa bado mbichi, walikwenda mazikoni kwa basi la njia ya milimani. Shangazi alimshikia Baba paji la uso njia nzima, Baba akamshikia kofia, na hakuna aliyemtaja panya mpaka basi liliposimama na wote wakashuka wakiwa wazima.

Kitinda aliinuka polepole. Akapanda ngazi hadi kwa nahodha, aliyekuwa akiendesha meli kwa kidole kimoja na kusinzia kwa jicho moja.

"Nahodha, huko nje kukoje?"

"Nje ni nje. Usiwe na wasiwasi, hatuendi."

"Nataka twende."

Jicho la pili likafunguka. "Si ndiye wewe uliyenipigia simu kuuliza habari za mawimbi?"

"Ndiye mimi."

"Ukauliza upepo."

"Nikauliza. Kuna hatari?"

"Hatari hakuna, meli hii ngumu na hali ya hewa njema. Kuna aibu tu." Nahodha alivua kofia, akajikuna. "Lakini lazima wapige kura. Na utawaambia nini watu kama hawa?"

Kitinda alidhani angehitaji hotuba, ahadi, pengine hongo. Alianzia jikoni, kwa bibi mwenye miwani.

"Bibi, nina ombi. Wakati wa kurudi tupite njia ya nje."

"Kwenye mawimbi?"

"Ndiyo, bibi."

Kutoka ukumbini sauti ya Baba ilisikika ikieleza tofauti kati ya mshono na mkunjo. "Binti," bibi alinong'ona, "huko nje, wale wawili wataweza kuongea?"

"Hawataweza, bibi."

"Basi mimi nanyoosha mikono yote miwili."

Maharusi hawakungoja hata amalize kueleza. Bwana arusi alikwenda moja kwa moja kufungua utepe wa ndoo.

Baada ya chakula nahodha aliingia ukumbini, akasimama kama msimamizi wa mtihani. "Ndugu abiria, wanaotaka njia ya ndani, yenye utulivu."

Mkono mmoja ulipanda, mwembamba, wenye sindano ya fundi imechomekwa kwenye mkanda wa saa. Ulikuwa wa Shangazi. Aliangaza huku na huku, akishangaa upweke wake.

"Wanaotaka njia ya nje."

Ukumbi mzima ulinyoosha. Mpishi, ambaye hakuwa na haki ya kupiga kura, alinyoosha. Baba alikuwa bado ameweka mikono mapajani, amekunja uso, anapima athari. Kisha akaona ni nani aliyechagua ndani. Mkono wake ukaruka juu kuliko mikono yote.

Nahodha alihisi swali halikueleweka. "Ndugu zangu, nikisema nje, maana yangu ni nje."

"Tumekuelewa!" walijibu kwa pamoja, kama darasa.

"Kama daktari napinga," alisema daktari wa meno, mkono ukiwa juu. "Kama mtoto wao, naunga mkono."

Meli ikapita mwanya kati ya visiwa viwili vya mwisho. Shangazi alikuwa akimweleza Baba kwamba ukaidi wake utamfikisha pabaya, na Baba alikuwa amefungua kinywa kumjibu. "Na tena ule ukosi," alianza, "ule ukosi ulioushona mwaka ule..."

Wimbi la kwanza halikuwa kubwa. Lilikuwa la kistaarabu tu, liliiinua meli pua yake, likaifikiria kidogo, likaiachia. Uso wa Baba ukageuka rangi ya tango. Habari ya ukosi haijamalizika mpaka leo.

Kimya kilichofuata kilikuwa kitukufu. Mashine, upepo, maji, basi. Baadaye zilisikika sauti nyingine, lakini hakuna hata moja iliyokuwa neno. Maharusi walikuwa wamekumbatiana na ndoo katikati, wamepatana kabisa. Bibi mwenye miwani alikuwa amelala chali kwenye benchi, kijani kibichi, anatabasamu.

Kitinda alitambaa kwa mikono na magoti hadi nyuma ya meli. Aliwakuta palepale alipotegemea kuwakuta, benchi moja, ukingo mmoja, maana kila aliyesafiri anajua kwamba nyuma ndiko kwenye hewa. Shangazi alikuwa amemshika Baba paji la uso kwa kiganja. Baba alikuwa amemshika Shangazi ushungi usipeperuke. Hawakuwa wakitazamana. Daktari wa meno alikuwa sakafuni, kichwa kwenye viatu vya baba yake.

"Baba," alisema Kitinda, akijikaza kwa nguvu zote, maana hata yeye ni damu ile ile. "Shangazi. Nauliza mara moja tu. Mtakuja harusini, mtakaa mbele, wote wawili?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga haraka. Shangazi hakuthubutu hata kuufungua. Meli ikapanda, meli ikashuka. Baba akatikisa kichwa kukubali. Shangazi naye akatikisa kukubali, macho yamefumbwa.

"Kaka, wewe ni shahidi."

Daktari wa meno aliinua kidole kimoja kutoka sakafuni.

Kitinda alitaka kusema asante. Badala yake akageukia ukingo, na kwa muda mrefu ukoo ule wote ulikuwa pamoja, bega kwa bega, katika amani.

Lakini bandari ni bandari. Gatini ardhi ilikuwa imara, na Baba alipoikanyaga alivuta pumzi, akarekebisha tai, na sauti ya kiofisi ikamrudia.

"Lazima nieleweke," alisema. "Kutikisa kichwa kule hakukuwa jibu. Ile ilikuwa ni meli iliyonitikisa."

Kitinda akaitua mizigo aliyobeba.

"Kweli kabisa, kaka," alisema Shangazi.

Neno "kaka" lilikuwa halijasikika kinywani mwake muda mrefu. Shangazi mwenyewe alionekana kushtuka, akaamua kuendelea mbele upesi asiulizwe. "Mtu mzima anaulizwa swali hali amefumba mdomo? Huo ni utekaji."

"Utekaji hasa. Na hiyo njia nani aliichagua?"

"Si huyu."

"Mtaalamu!"

"Nilimlea mimi, lakini tabia hii si yangu."

"Wala si yangu," alisema Baba. Ardhi ikamyumbia kidogo, kama inavyomyumbia mtu aliyetoka majini, akaushika mkono wa dada yake. Shangazi akauacha hapo ulipo. "Unajua ni ya nani."

"Ya mama yake," alisema Shangazi, taratibu. "Mama yake alikuwa hivi hivi. Anakupitisha kwenye moto huku anacheka."

Wakaanza kutembea kuelekea mlango wa gati, wameshikana, miguu ikipishana kama ya watu waliotoka kwenye pombe. Hawakugeuka nyuma.

"Mtu kama huyu hawezi kuachiwa harusi peke yake," Baba alisema.

"Ataiharibu. Atawaweka wageni kwenye viti vya kuzunguka."

"Inabidi awepo mtu wa kumkagua."

"Kutoka mbele kabisa. Pande zote mbili."

"Mimi nitakaa kulia."

"Kulia nakaa mimi," alisema Shangazi. "Nilimlea."

"Nilimzaa!"

"Ulimzaa ukaenda kukagua shule!"

Nyuma yao Kitinda alibeba mizigo yote, ya kila mtu, tumbo likiwa bado halijui kama limefika. Sauti zile zilikuwa zimeanza kupanda, watu wa gatini wakageuka kutazama. Aliwaacha watangulie, akapunguza mwendo, akimwomba Mungu kwa moyo wote wasipatane kabla ya siku ya harusi.